Natazama tonge la kwanza mkononi mwa mchumba wangu

Mama mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 27, nafundisha shule ya msingi, na Desemba hii wazee wa pande zote mbili wamekubaliana mahari yaletwe nyumbani. Anayenioa sina la kumlaumu: ni mchapakazi, mtaratibu, ananiheshimu mimi na wazazi wangu. Lakini nikiendelea hivi nilivyo, naogopa nitamchosha kabla hatujafika huko.

Lazima nianzie kwetu. Baba alifanya kazi katika kampuni ya shaba. Wakubwa wa mji huu wanakumbuka jinsi walivyosema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama: posho ya unga ilitoka kazini, shule ya watoto na hospitali vilevile. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga walianza kuachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka 5, na pesa alizopewa ziliisha kabla sijajua kusoma. Kikabaki kiti chake chini ya mwembe, naye amekikalia kutwa, uso kauelekeza kwenye bomba la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba.

Hakutupiga hata siku moja. Nasema hivi kwa kuwa mtu akisikia mtoto kaumizwa na baba yake, huwaza fimbo. Baba alinyamaza tu. Wiki ingepita hajatamka neno ila "ehe". Mama aliuza makala, yaani mkaa, tangu alfajiri, na jioni kabla hatujaingia ndani alituonya: "Musimusumbue baba yenu." Basi tukajifunza kumsoma. Mimi nilikuwa natazama tonge la kwanza. Mama akishaweka bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) mezani, baba akikata tonge, akalifinyanga na kulichovya papo hapo, siku hiyo tuliweza kuongea, hata kucheka. Akilishika kiganjani na kulitazama, tulikula kimya, tukaosha mikono, tukaenda kulala. Na usiku nilikuwa najiuliza ni kosa gani nimefanya.

Mama naye alinishika kwa mikono miwili. Kwenda kuchota maji, lazima kaka yangu anifuate. Nikiwa na miaka 19 alikuwa bado anafungua simu yangu na kusoma. Najua alikuwa anaogopa kupoteza kingine tena, na sina kinyongo naye.

Sasa sikia kilichotokea mwezi uliopita. Mchumba wangu ni dereva wa lori. Alikuwa ametoka Kasumbalesa, amekaa siku 4 kwenye foleni ya mpaka, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Nikampikia. Akakata tonge, akalishika, akawa analitazama. Mama mshauri, mikono yangu ilikufa ganzi. Nikamuuliza: "Umekasirika?" Akasema hapana. Nikauliza tena, na tena, mpaka nikaanza kulia mbele ya dada yake. Kumbe alikuwa anawaza gurudumu la nyuma lililopasuka, na atakavyomweleza tajiri wake. Aliliweka lile tonge chini bila kulila, akaniambia polepole: "Kila nikinyamaza unanihukumu. Mimi nikapumzikie wapi?"

Hilo neno linanirudia kila usiku. Akiwa safarini na simu yake imezimika, napiga mara 14, mara 20. Akipokea, badala ya kufurahi naanza kumhoji. Naona kabisa nimekuwa mama yangu kwa kumshika, na bado ni yule mtoto wa mezani kwa kuogopa.

Chuoni tulisoma somo la saikolojia, na mwalimu alitupa maswali yaliyotungwa na Gordon Parker na wenzake huko Australia, yakachapishwa mwaka 1979. Ni sentensi 25 kuhusu mama na 25 hizo hizo kuhusu baba, unajibu kwa kukumbuka ulivyolelewa hadi miaka 16. Zinapima mambo mawili: mzazi alikujali kiasi gani, na alikubana kiasi gani. Mwalimu alitufundisha pia kwamba mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Hazan na Shaver, waliandika kuwa mapenzi ya watu wazima yanafanana na jinsi mtoto mchanga anavyomng'ang'ania mlezi wake: kuna anayetulia, kuna anayekwepa, kuna anayeishi na hofu ya kuachwa. Nilijitambua pale pale. Kaka yangu ni wa kukwepa. Ana miaka 30 na hajawahi kumleta msichana nyumbani.

Lakini kuna jambo linalonitatiza, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Yale maswali niliyajibu mara mbili. Mara ya kwanza moyo ulikuwa mweupe, na penye sentensi ya mzazi kuongea nawe kwa sauti ya upole, nilimkumbuka baba akinishika mkono, tunaandika jina langu ukutani kwa kipande cha makala, anacheka herufi zikipinda. Mara ya pili ilikuwa Julai, kipindi cha baridi, baada ya ugomvi. Nilikuwa naamka saa 9 za usiku, chakula hakipiti. Sentensi ile ile nikaijibu: hapana, hata kidogo. Ule ukuta haukunijia akilini kabisa. Nimesoma kwamba watu waliofuatiliwa kwa miaka 20 majibu yao hayakubadilika sana. Yangu yalibadilika ndani ya miezi 3. Je, haya ninayomtendea mchumba wangu yanatoka kwa baba, au huzuni niliyo nayo sasa ndiyo inayonichagulia nimkumbuke baba yupi? Na kama hata baba alikuwa na ugonjwa wa huzuni miaka yote ile, na hakuna aliyeuita ugonjwa, mimi je?

Nilimgusia mama kwamba nataka kumweleza mchumba wangu habari hizi kabla ya mahari. Akasema mambo ya nyumba hayatoki nje, watasema ukoo wetu una kichwa kibovu. Kwenda kumwona daktari wa akili, ndiyo hataki hata kusikia. Simlaumu, anajua midomo ya watu wa hapa. Ila naona si haki mwanaume huyu aoe kitu asichoelezwa.

Naomba unisaidie. Nimweleze yote, hata la baba, bila ruhusa ya mama? Nianze na daktari kwanza, ili nijue ninachomweleza? Au niwaombe wazee wasogeze siku? Na baba, ambaye bado anakaa chini ya ule mwembe na siku hizi husema maneno mawili matatu, je, ni vibaya mtoto wa kike kumuuliza alikuwa anawaza nini alipolishika lile tonge?

Mchumba wangu amepakia jana, anarudi Ijumaa. Nimejizuia, leo nimempigia mara moja tu.

Ni mimi binti yako,
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi