Kalsiamu haina kosa, shoga yangu

Shoga yangu,

Waalaikumussalam. Voisi zako nimezisikia zote, hata ile ndefu ulorikodi na kuku wanalia nyuma. Nimeona bora nikuandikie, mana haya mambo ukisema kwa simu mtu anachanganyikiwa na wewe ushachanganyikiwa vya kutosha: karatasi ya maabara ya kile kipimo chako cha choo imesema kalprotektini 140, ukasoma kwenye simu ukakuta ni protini inayoshika kalsiamu na inahusika na inflamesheni (ule uvimbe na kuwaka moto mwili unapojitetea), ukamsomea mama mdogo, naye hapo hapo kakata hukumu kwamba kalsiamu ndo inayokuunguza tumbo, basi maziwa marufuku na dagaa marufuku. Lahaula! Siku hizo zote hamna mtu hapo Wete wa kumpinga?

Kwanza hiyo protini si kitu kilichokuvamia. Unayo wewe, ninayo mimi, anayo na mama mdogo. Imejaa kwenye nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazofika mwanzo pakiwa na jeraha au vijidudu, na imejaa kweli, karibu nusu ya protini zilizomo kwenye maji ya ndani ya seli ile ni hiyo tu. Na wenyewe si mmoja, ni wawili walokumbatiana, S100A8 yenye asidi za amino (vile vipande vidogo vinavojenga protini) 93 na S100A9 yenye 114, na kila mmoja ana sehemu mbili za kushikia kalsiamu.

Sasa weka simu chini kidogo ufanye hivi. Mkono wa kulia, kidole cha shahada kinyooshe, gumba lisimamishe, vidole vyengine kunja. Shahada ni heliksi moja, yani kipande cha protini kilojisokota kama springi, gumba ni heliksi nyengine, na pale vidole vilipokunjwa ndo kitanzi inapokaa kalsiamu. Mtafiti Kretsinger na mwenzake walioieleza hivo 1973 waliiona kwenye protini ya msuli wa samaki (samaki tena, mama mdogo asisikie). Kwenye ukoo huu wa S100, kalsiamu ikishakaa kitanzini heliksi moja inageuka, na upande usiopenda maji uliokuwa umejificha unatoka nje. Kwa kalprotektini, jozi moja inatafuta jozi nyengine wanakuwa wanne. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani waliipiga mionzi ya eksirei ikiwa kwenye fuwele, wakawaona hao wanne waziwazi, hadi vipimo vya 0.18 ya nanomita, yani unakaribia kuhesabu atomu moja moja.

Na hapa ndo jibu la mama mdogo lilipo. Ndani ya seli kalsiamu ni kidogo mno, nje ya seli ipo kama mara elfu kumi zaidi. Kwa hivo protini ikiwa ndani imetulia, mikono mitupu, siku seli ikipasuka au ikaimwaga nje ndo inakutana na kalsiamu na kazi inaanza. Kinachobadilika ni mahala ilipo protini, si ulichokula. Kalsiamu ya damu mwili unaipima wenyewe kwa homoni na mifupa, gilasi yako ya maziwa haiisogezi.

Na hiyo kazi yenyewe si ubaya. Wanne wale wakishashika kalsiamu wanakamata zinki na manganizi, madini wanayoyahitaji bakteria, kwa nguvu sana, manganizi inabanwa na histidini (aina moja ya asidi ya amino) 6, mbili za S100A8 na nne za S100A9, na mbili katika hizo nne zipo kwenye mkia wa S100A9 unaokuja kuifunika. Bakteria kama stafilokoka wanakosa manganizi, wanadhoofika. Ile sifa mbaya ya kuchochea inflamesheni inatoka kwa jozi ya wawili, hao wanagusa kipokezi TLR4, kama kengele ya hatari iliyo juu ya seli, na kupiga kelele seli nyengine zije. Utafiti wa 2018 ulionesha kwamba wakiungana wanne pale pa kugusia panafichika, kelele inabaki hapo hapo ilipoanzia. Kinachowaunganisha wanne ni nini? Kalsiamu! Yani hiyo mnayoifukuza jikoni ndo inayowanyamazisha hao wawili.

Kupimwa kwenye choo nako kunatokana na kalsiamu, mana protini ikishaishika haikatwi ovyo na vimeng'enya vya tumbo, inatoka nzima na inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Sasa 140, ni mikrogramu kwa gramu moja ya choo. Mpaka unaotumika sana ni 50, umepita, lakini wenye Crohn au kolaitisi ya vidonda, maradhi ya utumbo kuvimba muda mrefu, yakiwashika wanafika mamia mengi na hata maelfu. Yako ipo katikati, haisemi ugonjwa gani, inasema nyutrofili zimeingia utumbo.

Na kitu kimoja hukumwambia daktari, nakujua. Zile diklofenaki, dawa zako za maumivu ya kiuno. Dawa za aina ile, na ibuprofeni pia, zinakwaruza utumbo na zinapandisha kalprotektini. Rudi kwake umwambie umezinywa kwa muda gani, mwachie yeye aseme uziache au uzibadilishe, na umuulize lini urudie kipimo. Ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku, usisubiri tarehe, nenda siku ile ile.

Akishakwambia nitumie voisi, ila fupi.

Mimi wako wa Mwanakwerekwe