Wanaotumia dawa za akili waambiwe na hili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo huku kwetu Lindi watu hulinong'ona tu.

Mpwa wangu anatumia dawa za ugonjwa wa akili, na zimemfaa sana: analala, anakwenda kwenye mikorosho, anazungumza na watu vizuri. Usiku mmoja uume ulimsimama bila hamu yoyote, ukauma, ukakataa kulala mpaka alfajiri. Wakasema ni tego, ametembea na mke wa mtu. Akatafutwa mganga wa kumtegua. Mimi mjomba wake nilipopata habari nikampandisha bodaboda hadi hospitali.

Tego halihusiki. Wataalamu huita hali hiyo priapizimu. Baadhi ya dawa hizi, zikiwamo klopromazini na risperidoni, huzuia ishara zinazoiamuru mishipa ijibane ili damu irudi mwilini, basi damu inanasa. Ni nadra, lakini humpata hata aliyezizoea dawa miaka mingi. Zikipita saa 4, hiyo ni dharura. Madaktari huivuta damu kwa sindano na kuchoma dawa ya kubana mishipa. Akicheleweshwa siku nzima au zaidi, nyama ya ndani hukosa oksijeni na huenda asisimamishe tena maishani. Kijana ambaye hata hajaoa! Mwenye selimundu awe macho zaidi, maana ugonjwa huo peke yake huleta hali hiyo hiyo.

Wengine humaliza tendo bila kutoa manii, kwa kuwa yamerudi kwenye kibofu. Haidhuru mwili, ila inatisha kwa asiyejua. Wanawake nao hukosa hedhi au hutokwa maziwa bila kunyonyesha, na hayo wala si nadra.

Mpwa wangu hakuambiwa lolote kati ya haya. Aliambiwa kutwa mara mbili, basi. Watoa dawa wa Lindi na Mtwara, nawaomba: kama foleni inawatia haya, mwiteni mgonjwa pembeni mumweleze. Likimpata, andikeni taarifa iende TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiko ripoti za madhara ya dawa zinakopokelewa.

Nanyi ndugu wa wagonjwa, msiwaachishe dawa kwa hofu. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Mpwa wangu alibadilishiwa, na kliniki anahudhuria.

Msomaji wenu,
Lindi