Barua ya malalamiko: apdeti yenu imezifungia data za gari zangu

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja
Kutoka: Mteja wenu, Isevya, Tabora
YAH: KIFAA CHA DATA ZA GARI KUFUNGIWA KISITUME KWENYE SEVA YANGU

Habari za kazi ndugu meneja,

Nimeshachati sana na vijana wenu wa sapoti kwenye watsapu na kila siku jibu ni lilelile, "chomoa kifaa, subiri kidogo, chomeka tena", sasa leo nimeamua kuandika barua maana naona huko hakuna anayesoma hadi mwisho, wanaona neno la kwanza wanabandika jibu basi.

Mi nina gari za abiria zinazofanya Tabora, Urambo mpaka Kaliua, na nyingine inaenda Sikonge. Vifaa vyenu nilivinunua vya kuchomeka kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, vinasoma data za gari na kuzituma, na nilivinunua kwa sababu moja, boksi lenu limeandikwa wazi kwamba mtumiaji anaweka anwani ya seva yake mwenyewe, yaani kompyuta yake ya kupokelea data. Kama shida yangu ingekuwa kusoma kodi za hitilafu taa ya cheki injini ikiwaka ningechukua vile visomeo vya ELM327 feki vya bluetuthi, bei chee, fundi yeyote anayo. Nyie niliwalipa pesa ya maana kwa ajili ya hayo maneno mawili, SEVA YAKO.

Na seva nikafunga kweli. Laptopu ya zamani nikaitia Linux, ikakaa pale sebuleni, na kwa kuwa laini hizi za simu hazikupi anwani ya IP ya kwako peke yako, mnarundikwa watu kibao nyuma ya anwani moja, kwa hiyo kifaa kilicho barabarani hakiwezi kuibishia hodi laptopu ya nyumbani, ikabidi nikodi kaseva kadogo mtandaoni ka kupokelea halafu nikapitisha njia ya siri ya mtandao, WireGuard, kutoka kule mpaka kwenye laptopu ndani. Gari inatuma, kaseva kanapokea kanajibu OK, data inaingia kwenye databesi, programu ya kuchora grafu, Grafana, inachora mistari yake. Tanesco wakikata umeme data inangoja kule nje mpaka laptopu iamke. Na gari ikiwa porini hakuna mtandao kifaa kilikuwa kinatunza chenyewe, ikifika Kaliua kinamwaga vyote. Kwa kweli hapo niliwasifia kwa watu, kuna wenye gari wenzangu walinunua kwa maneno yangu na sasa wananitafuta mimi.

Faida yake niwaambie. Noah moja ilikuwa kila ikitoka Urambo na mzigo juu joto la maji linapanda kidogo, dreva anasema gari iko poa, mshale wa dashibodi hausogei, si mnajua mishale ya hizi gari imetengenezwa isimtishe mtu, inakaa katikati hata joto likipanda na kushuka. Kwenye mchoro wangu mimi naona 94, 97, 101, wiki hadi wiki. Namba 05 kwenye OBD, yaani mfumo wa gari wa kutoa data zake kwenye ile soketi, ndo joto la maji, thamani inayotoka unapunguza 40 unapata nyuzi, hamna uchawi hapo. Nikampelekea fundi, akakuta rejeta imeziba nusu, ikazibuliwa. Silinda hedi ikipinda unajua gharama yake ndugu meneja, au nyie huko ofisini gari ni za kampuni?

Sasa mmeleta apdeti. Imejiingiza yenyewe usiku, hakuna aliyeniuliza, asubuhi seva yangu kimya. Naingia kwenye programu yenu ile sehemu ya kuandika anwani ya seva haipo, imefutwa kabisa, data zote zinakwenda kwenu, na nikitaka kuzipakua natakiwa kulipia kila mwezi kwa dola, kwa kila gari. Data za gari yangu, bando la kwangu, nizinunue kwenu! Halafu namba zenyewe mmezificha, badala ya nyuzi mmeweka kauso ka kijani kanacheka, "Afya ya gari: Nzuri". Nzuri kwa kipimo gani? Ile Noah ingekuwa kipindi hiki ingechekewa na hako kauso mpaka injini ikate.

Kingine, tangu hiyo apdeti kifaa hakilali. Pini namba 16 inapata umeme wa betri muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, zamani kilikuwa kinazima chenyewe injini ikizimwa, sasa gari ikilala wikiendi Jumatatu ni kusukuma.

Na hili la mahali gari ilipo msilichukulie poa. Kifaa kina GPS, maana yake mnajua dreva wangu amelala wapi na anapita wapi, na sikuwahi kukubali hizo taarifa ziende kwenu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mwenye taarifa anatakiwa ajue zinakusanywa kwa kazi gani. Mimi mlinitumia ujumbe gani? "Tumeboresha huduma."

Ninachotaka ni hivi. Mnirudishie programu ya ndani ya kifaa ile ya zamani, au mrudishe ile sehemu ya anwani ya seva kwenye hii mpya, na apdeti ziwe za kukubali au kukataa. Data zote mlizochukua kipindi hiki nipeni faili bure, CSV, ile ya jedwali la maandishi matupu, inatosha, halafu za mahali zifuteni kwenu. Mkishindwa, chukueni vifaa vyenu mnirudishie pesa yangu yote, risiti na picha ya lile boksi nimeambatanisha hapa.

Nawapa wiki mbili. Baada ya hapo barua hii hii naipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na nakala Tume ya Ushindani. Na tafadhali anijibu mtu, msinirudishe watsapu kwa wale vijana, kifaa nimeshakichomoa na kukichomeka vya kutosha.

Mteja wenu,
Isevya, Tabora