Taarifa ya mwenyekiti kwa wanamemba, mwaka 2020

Mama na baba, ndugu zangu wanamemba wa chama chetu cha fromaji (jibini) hapa Goma,

Mambo ya kila siku mnayajua, sitawakawiza. Tulipanga mikutano tisa, tukafanya sita kwa sababu ya korona. Tulizika wawili, tukapongeza ndoa tatu, mizani ya depo ikatengenezwa. Mpaka wa Rwanda ulipofungwa mwezi wa 3, fromaji ya Masisi ilijaa depo, nami mwenyewe nilizunguka nayo mitaa ya Himbi na Katindo hadi ikaisha.

Neno ninalotaka mlisikie vizuri ni lile la mkataba wa supamaketi, ambalo nimesemwa kwalo mwaka mzima. Nilikataa kusaini, na leo ningekataa tena. Ukurasa wa nne ulisema hivi: mali inaingia, faktire (ankara) inalipwa baada ya siku 90, na kisichouzwa kinarudi kwa gharama yetu. Fromaji iliyokaa rafuni hadi ikaota ukungu, ikirudi, nani ataila?

Wengi wenu mliingia Nakumatt ya Kigali, tawi la supamaketi ya Kenya, tangu 2008, mkarudi mnaisifu. Ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro. Jina lenyewe ni Nakuru Mattress lililofupishwa. Ikapanda hadi matawi zaidi ya 60, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Lakini ilijitanua kwa mikopo na kwa mali ya watu ambayo haijalipwa. Wenye kupeleka mali walipochoka kungoja waliacha, mwaka 2017 rafu zikabaki tupu, wateja wakahama, kodi ya majengo ikashindikana. Mwezi wa 1 mwaka 2018 korti ikaiweka chini ya msimamizi, deni likiwa limepita shilingi bilioni 30 za Kenya. Mwaka huu, mwezi wa 1, wadai wenyewe walipiga kura ifungwe; matawi sita yaliyobaki yakaenda kwa Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya. Benki zenye dhamana hutangulia kulipwa, aliyepeleka maziwa anangoja nyuma. Na mwaka huu wa 2020 Tuskys, nayo supamaketi ya Kenya, ilidaiwa na wenye kuipelekea mali. Ikiwa makampuni ya Nairobi yenye mawakili yalilia, mama wa kule Sake mwenye ng'ombe wawili angemlilia nani?

Mnasema sikuwauliza. Niliwaita tarehe 16 mwezi wa 2. Viti 64 vilipangwa, 11 vikakaliwa, na kreti za soda tukazirudisha zikiwa zimejaa. Hilo liliniuma kuliko maneno yenu yote.

Mchango ni dola 2 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka ni 23 kati ya 64. Ziliingia dola 790, zinadaiwa 746, na kesi (sanduku letu la pesa) ina 118. Tunaogopa supamaketi isiyolipa, na sisi kwa sisi hatulipani.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutafute kiwanja cha depo yetu wenyewe, labda na friji kubwa. Mweka-kesi atakuwa depo kila Jumamosi asubuhi na daftari lake.