Mheshimiwa Waziri, rejista yetu haijui bamvua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar.

Assalamu alaykum.

Mheshimiwa, mimi ni daktari bingwa wa uzazi, mzaliwa wa Pemba, na ninafanya kazi Pemba. Nakuandikia kuomba safu mbili katika rejista ya wodi ya wazazi. Najua mezani kwako yapo makubwa kuliko hayo, lakini nivumilie kidogo.

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza ubingwa wangu Muhimbili, aliletwa mzazi saa kumi na moja alfajiri kutoka kisiwa kimoja kati ya vile vidogo vinavyotuzunguka. Alifungwa kanga mbili, zote zimerowa. Wanaume waliombeba walikuwa na tope la mikoko hadi mapajani, na mmoja wao kiatu kimebaki hukohuko. Mtoto tulimkuta hana mapigo. Mama tulimuwahi. Nilipokaa kuandika faili, kalamu ilikwenda yenyewe kwenye maneno tuliyoyazoea: "Mama alichelewa kufika." Mkwewe, bibi wa makamo, alikuwa benchini akiniangalia. Akataka kujua nimeandika nini. Nikamsomea.

"Hatukuchelewa, mwanangu," akasema. "Tulikuwa twangoja maji."

Asiyekulia pwani nimfafanulie. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa sana na kupwa sana. Na kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Saa hizo chombo kimelala ubavu kwenye tope, na pale palipokuwa na maji ni mikoko na mashimo ya kaa. Uchungu ukiharibika saa nne usiku wa bamvua, kuna mawili: kumbeba mgonjwa kwa miguu juu ya tope gizani, au kungoja. Familia ile ilingoja mpaka chombo kikaelea. Mimi nikawaandika wazembe.

Sentensi ile ya bibi ndiyo iliyonifanya mtafiti. Skuli ya udaktari nilifundishwa kile kielelezo cha Thaddeus na Maine cha mwaka 1994, cha ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nilikijibu vizuri kwenye mtihani. Ni kielelezo kizuri na bado nakitumia, ila kuchelewa kwa bahari yetu kuna jambo la ajabu: kunajulikana kabla. Lori likiharibika njiani hakuna aliyetarajia. Lakini bamvua ya Shaabani mvuvi yeyote wa Kojani anaijua tangu leo, na anajua saa ngapi atakwama. Kuchelewa kunakojulikana mwaka mzima kabla ya kutokea, sisi bado twakuandika kana kwamba ni tabia ya mama.

Basi nikanunua daftari la skuli. Nikapiga mistari kwa penseli: saa waliyoona hali imeharibika, saa waliyotoka nyumbani, saa waliyofika, mwezi mwandamo ni wa siku ya ngapi, walikuja na chombo gani. Wauguzi waliniita daktari wa mwezi, na nadhani bado wananiita nikiwapa mgongo. Sasa madaftari ni matatu. Sitakutajia humu hesabu hata moja, kwa sababu daftari la daktari mmoja, la zamu zake mwenyewe, si utafiti. Tena aliyefia kisiwani hakupita mbele ya penseli yangu.

Nilipoandika pendekezo la utafiti kamili, kamati ikaniuliza, na swali ni la haki: takwimu za kuanzia ziko wapi? Nikaenda kwenye rejista. Rejista niliyoikuta wodini ina jina, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, hata jina la mkunga. Saa aliyotoka kwao haimo. Kwa hiyo siwezi kuonesha kwamba safu inahitajika, kwa sababu safu haipo. Mjumbe mmoja akaniambia mada yenyewe ni ndogo, nitafute yenye uzito. Nilinyamaza, nilikuwa na zamu jioni ile.

Sidharau kazi zilizofanyika. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, watafiti kutoka Denmark na wenzetu wa pale walitunga kijitabu cha mfukoni cha miongozo ya kuzalisha, PartoMa, kinachomfaa mkunga mwenye wazazi wengi kwa wakati mmoja. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: mfuko wa plastiki wenye mistari unaopima damu anayotoka mzazi, na matibabu yote yatolewe kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Kutoka damu nyingi kupindukia kukapungua kwa asilimia 60. Mambo mepesi, yanayowezekana kwetu. Lakini tazama, Mheshimiwa, hesabu zote mbili zinaanza mlangoni pa hospitali. Mimi nataka kujua nani hufika mlangoni, na kwa saa ngapi. Usawa katika afya, kwa mtu wa visiwa vidogo kama Fundo au Kisiwa Panza, unaanzia hapo.

Ombi langu basi: saa ya kutoka nyumbani, na tarehe ya mwezi mwandamo. Safu mbili, katika kila wodi ya wazazi Unguja na Pemba.

Utaambiwa kwamba watu wanahitaji boti ya wagonjwa, si safu. Boti wanaihitaji, nami nitaifurahia. Ila boti nayo haipiti juu ya tope saa tano usiku. Tukiwa na hesabu ya miaka miwili tutaweza kumwambia mjamzito aliyetimiza miezi, hasa aliyewahi kupasuliwa: siku tatu hizi za bamvua usilale kisiwani, njoo ng'ambo. Na tutajua tumwekee wapi kitanda. Wakati huu twakisia tu.

La pili ni dogo. Nipe siku moja kwa wiki isiyo na zamu, mimi na mwengine yeyote wodini anayetaka kuuliza maswali. Madaftari haya nimeyajaza usiku.

Ukija Pemba, nakuomba ziara yako ipangwe siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, na usije asubuhi kwenye zulia. Njoo saa nne usiku, nitakungoja ufukweni na taa. Vaa viatu usivyovionea uchungu.

Wako mtiifu,
Daktari wa wazazi, Pemba