Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Manahodha na Mabaharia wa Lamu

Assalaamu alaykum, ndugu wanachama wa Amu, Shela na Matondoni, na nyinyi mliovuka kutoka Kizingitini.

Naanza na lile linalosemwa barazani. Mazoezi ya kuokolewa kwa helikopta, tuliyoyapanga kabla kusi haijakaza, hayakufanyika, na mimi ndiye niliyeyazuia. Wenye helikopta walikuwa tayari, vijana wetu vilevile. Niliomba kitu kimoja tu: daftari la ukaguzi wa winchi, ile mashine ya kumnyanyua mtu kwa waya. Nikaoneshwa la injini. La winchi nikaambiwa litaletwa. Kamati ikakata shauri kwamba mtu wetu hanyanyuliwi.

Wapo waliosema mwenyekiti mwoga. Haya, tazameni kinachombeba mtu pale juu: waya wa chuma usiofika unene wa milimita 5, na winchi nyingi za aina hiyo zina kikomo cha kilo 272. Waya ukishachovya baharini huoshwa kwa maji matamu, maana chumvi hujipenyeza kati ya nyuzi ikala ndani kwa ndani. Fundi anayeijua kazi yake huukunjua wote, akaupitisha polepole ndani ya kitambaa cha pamba; uzi uliokatika hunasa na kung'oa pamba. Hutafuta pia mikunjo, na mahali ambapo nyuzi zimefutuka kama dema. Karibu na kulabu ndiko waya unakoteseka zaidi.

Halafu kuna kikatio, baruti ndogo inayoukata waya ukinasa mlingotini ili chombo kisiivute helikopta chini. Baruti hiyo ina tarehe ya kwisha muda. Niliiulizia nayo, sikujibiwa.

Mafunzo ya nchi kavu yalifanyika, na watu walijaa hadi nje. Waliokosa wayashike haya: kulabu iguse maji au sitaha kwanza, kwa sababu helikopta hukusanya umeme ikiwa hewani na atakayeidaka atapigwa. Kulabu haifungwi kwenye chombo, hata bahari ikichafuka vipi. Tanga lituliwe, na turubai zifungwe zisipeperushwe na upepo wa mapanga ya helikopta. Mzee mmoja wa Matondoni aliuliza mlingoti na foromali, boriti ya kushikia tanga, vitakwepwaje. Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Jibu ni kwamba mgonjwa hutiwa kwenye dau dogo, likaachiliwa nyuma kwa kamba ndefu, akanyanyuliwa kutoka humo.

Redio za mashua zimekaguliwa. Zisizoshika chaneli 16, ya kuitia msaada, zitengenezwe kabla ya kutoka tena. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Ninachoomba leo ni kura yenu: mazoezi yafanywe wakati wa maleleji, bahari ikitulia, na daftari la winchi lifike mezani kwa kamati wiki moja kabla. Lisipofika, tutarudia mafunzo ya nchi kavu.