Msitupe diski za michezo ya zamani ya tarakilishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwasihi wasomaji, hasa wale waliokuwa na tarakilishi nyumbani miaka ya tisini na mapema miaka ya elfu mbili, wasiharakishe kutupa diski za michezo yao kwa sababu tu fundi amewaambia kwamba zimekufa.

Mwezi jana nilipeleka diski tano za Baldur's Gate, mchezo uliotoka mwaka 1998, kwa fundi mmoja katikati ya jiji la Nairobi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyezinunua, nasi tuliucheza kwa zamu usiku, mmoja ameshika kipanya na mwenzake ana kamusi ya Kiingereza mapajani, maana mazungumzo ya wahusika yalikuwa mengi na jibu la haraka liliweza kukukosanisha na mtu ambaye ungemhitaji mbele ya safari. Mchezo ulipokataa kufunguka, fundi alinirudishia diski akisema zimeharibika, nizitie kwenye pipa. Hazikuwa zimeharibika hata kidogo. Nilinunua kisoma-diski cha kuchomeka kwa USB, kwa kuwa laptopu za sasa hazina tena, nikanakili faili za diski zote tano kwenye folda moja, kisha nikaweka programu ya bure iitwayo GemRB, inayouendesha mchezo huo kwenye mashine za sasa, na kuielekeza kwenye folda hiyo. Jioni hiyo nilimpigia simu kaka kumwambia kwamba nimesimama tena ndani ya Candlekeep, ile ngome ya vitabu ambako safari inaanzia.

Ninachotaka mafundi wetu waelewe ni kwamba, mara nyingi, kilichobadilika ni mashine wala si diski. Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iliyo kwenye karibu kila tarakilishi inayouzwa leo, haiwezi kuendesha programu za biti 16 (biti hapa ni kipimo cha data ambayo prosesa hushughulikia kwa mpigo mmoja). Michezo mingi ya miaka ya tisini ni ya biti 32 na ingeweza kukubalika, lakini programu ndogo ya kuiweka kwenye mashine ni ya biti 16, kwa hiyo mtu hukwama kabla hajauona mchezo wenyewe. Mingine ilifungwa kwa kinga ya SafeDisc dhidi ya wezi wa nakala, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliikataa kinga hiyo kwa sababu za kiusalama, ikamfungia nje hata aliyenunua diski yake kihalali.

Michezo ya enzi ya DOS, mfumo wa tarakilishi uliotangulia Windows, ina tabia yake. Baadhi ilipima mwendo wake kwa kasi ya prosesa, na ukiiendesha kwa kasi ya leo, adui hukufikia kabla hujainua kidole. DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002, huigiza tarakilishi ya zamani pamoja na kadi yake ya sauti, na mchezaji hupunguza mwendo kwa kubonyeza Ctrl na F11 au kuuongeza kwa Ctrl na F12 mpaka wahusika watembee kama watu.

Mafundi wengi hawajui kwamba watu wa kujitolea wameandika upya mitambo ya michezo hii, yaani programu zinazoiendesha: Exult kwa mchezo wa Ultima VII wa mwaka 1992, OpenMW kwa mchezo wa Morrowind, na hiyo GemRB niliyoitaja. Lakini mitambo hiyo haina hadithi ndani yake. Miji, sauti, picha na maneno ya wahusika hutoka kwenye faili za mchezo halisi, yaani kwenye diski ile unayoambiwa uitupe. Ni kweli kwamba duka la GOG limekuwa likiuza michezo ya zamani mtandaoni tangu mwaka 2008, ikiwa imeshatengenezwa kwa mashine za sasa, na kwamba mchezo wa Daggerfall wa mwaka 1996 ulianza kutolewa bure na wenyewe mwaka 2009. Hayo ni mema kwa aliyepoteza diski zake. Aliye nazo kabatini hana sababu ya kuambiwa anunue mara ya pili.

Kwa hiyo nawaomba mafundi, kabla ya kutamka kwamba diski imekufa, waifungue waone kama faili zinasomeka, na kama zinasomeka wamnakilie mteja na kumtoza ada ya haki kwa kazi hiyo. Nanyi wenye diski, zinakilini mwaka huu, wakati visoma-diski bado vinapatikana madukani. Maktaba zetu za umma nazo zingetufaa sana kwa kuweka kimoja mezani, kwa ajili ya wasio na uwezo wa kukinunua.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi